Namna ya kuliandika neno "indubitably" na kulitenga na "bila shaka" yetu

Mgeni akiteremka basi jioni katika stendi ya Kange, begi mkononi na uchovu wa njia usoni, mwenyeji wake wa Tanga humpokea hivi: "Shikamoo shangazi, pole na safari. Bila shaka umechoka." Hajamuuliza, wala hana kipimo chochote. Anakisia, na anakisia kwa mapenzi. Shangazi akijibu, "Marahaba mwanangu, wala sijachoka, nimelala njia nzima," hapana aliyesema uongo na hapana aliyeaibika. Mzigo unapokelewa, safari ya nyumbani inaanza.

Mpe sasa kijana huyo kalamu, umwambie aandike barua ya kuomba kazi kwa Kiingereza. Anatafuta neno zito la kubeba "bila shaka". Anafungua kamusi kwenye simu, anakutana na "indubitably", analipenda kwa urefu wake, analipachika. Hapo ameingia mahali ambapo hakukusudia, kwa sababu "bila shaka" ya Kange na "indubitably" ya Kiingereza si ndugu wa baba mmoja. Ile yetu inaruhusu kukosea. Neno hili la Kiingereza haliruhusu.

Nawasaidia vijana wa mtaani kwetu Ngamiani kuandika Kiingereza cha barua na insha, mara nyingi jioni baada ya magharibi. Kosa hili nimelisahihisha mara nyingi, na mara moja lilinipita. Binti mmoja aliandika kwamba "I will indubitably perform better than your present staff", nikaiacha sentensi ipite kwa kuwa sarufi yake ilikuwa safi. Kwenye usaili, mmoja wa waliomhoji aliisoma kwa sauti kisha akamuuliza: wafanyakazi wetu umewafahamu lini? Binti hakuwa na jibu. Lawama ile niliibeba mimi niliyempa ruhusa, na tangu siku hiyo kila anayeniletea barua yenye neno hili namketisha chini tulipitie kwa hatua. Hatua zenyewe ndizo hizi.

Hatua ya kwanza: lifumue neno ulione ndani

Katikati ya "indubitably" kuna kitenzi cha Kilatini, dubitare, maana yake kusitasita, kuwa na shaka. Kitenzi hicho kina udugu na duo, yaani mbili. Kwa Warumi, mwenye shaka alikuwa mtu aliyesimama panapogawanyika njia. Sisi tunaye fisi wetu aliyeshindwa na njia mbili, kwa hiyo picha hiyo hatuhitaji kufundishwa na mtu.

Silabi ya mwanzo, in-, inakanusha. Kipande cha -able kinaleta maana ya kuwezekana, na -ly ya mwisho inalifanya neno kuwa kielezi. Ukiviunganisha unapata: kwa namna ambayo haiwezekani kutiliwa shaka.

Sasa liweke pembeni ya ndugu yake, "undoubtedly". Kamusi nyingi zitakuambia maana ni moja, na katika mazungumzo ya kawaida Waingereza wenyewe hawayatofautishi sana. Lakini mwandishi makini anaiona tofauti, na Kiswahili kinaionyesha vizuri kuliko lugha nyingi kwa sababu ya viambishi vya vitenzi vyetu. Fikiria uchaguzi. Mgombea akikosa mshindani, tunasema amepita bila kupingwa. Maana yake ni kwamba hapana mtu aliyejitokeza kumpinga. Huenda angejitokeza mmoja, angemshinda. Hoja ya hesabu, kwamba mbili na mbili ni nne, hiyo haipingiki. Hata ajitokeze nani, hana pa kuishika. Kupingwa na kupingika vinatengwa na kipande kidogo tu cha katikati ya kitenzi, lakini umbali wa maana ni mkubwa.

"Undoubtedly" ni bila kupingwa: hakuna anayelitilia shaka jambo. "Indubitably" ni lisilopingika: shaka haina mlango wa kuingilia. Ukilishika hilo, nusu ya mwongozo huu umeshaimaliza.

Hatua ya pili: litamke na uliandike sawa

Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na ulimi wa Mtanga utataka kusema indubi-TA-bli. Kiingereza kinakaza silabi ya pili kutoka mwanzo: in-DYUU-bi-ta-bli. Mmarekani ataiondoa ile y na kusema in-DUU-bi-ta-bli. Silabi tatu za nyuma zipite haraka na kwa wepesi. Liseme mara kumi ukiwa peke yako kabla hujalisema mbele za watu.

Herufi b nayo ina habari yake. Katika "indubitably" b zote mbili zinasikika. Katika "undoubtedly" b imeandikwa lakini haitamkwi: an-DAU-tid-li. Chanzo ni kwamba neno "doubt" liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa bila b yoyote, kisha wasomi waliokihusudu Kilatini wakairudisha b katika maandishi ili asili ya neno ionekane. Kalamu ikabadilika, midomo ya watu haikubadilika. "Indubitably" halikupita njia hiyo ya Kifaransa cha mitaani. Lilichukuliwa kutoka Kilatini cha vitabu likiwa na b zake.

Tahajia: mwisho ni -ably, usiandike -ibly. "Undoubtly" halipo. "Undoubtably" utaliona hapa na pale, ila liepuke, wasahihishaji wengi watalihesabu kosa. Na vijana wengi huandika "definately". Ndani ya neno hilo kuna "finite", kwa hiyo ni "definitely".

Hatua ya tatu: ipime yakini yako kabla ya kulikaribia neno

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo ninapokaa na wanafunzi muda mrefu kuliko hatua nyingine zote.

Waliopita madrasa, na Tanga hao ni wengi, wamesikia kwamba yakini ina daraja tatu. Ya kwanza huitwa ilmul-yakini, ya pili ainul-yakini, ya tatu hakkul-yakini. Majina mawili ya mwanzo yamo katika sura ya At-Takathur, la tatu limo katika Al-Waqia na Al-Haqqa. Walimu hufafanua kwa mfano wa moto. Umeona moshi nyuma ya miti na mtu mkweli amekuambia kuna moto: hiyo ni elimu ya yakini. Umesogea ukauona moto kwa macho yako: hilo ni jicho la yakini. Moto umekugusa, umeungua: hiyo ndiyo haki ya yakini, haina wa kukusimulia.

Mafundisho hayohayo yana kanuni inayosema yakini haiondolewi na shaka. Aliyetawadha na ana hakika na udhu wake, kisha akajiwa na wasiwasi kama umetenguka au la, udhu wake bado upo. Mimi huitumia kanuni hii kwa kuipindua upande wa pili: shaka nayo haigeuki kuwa yakini kwa kuandikwa na neno refu. Kama hukuwa na hakika kabla ya kuandika "indubitably", hutakuwa nayo baada ya kuliandika.

Kwa hiyo jiulize: hili nimelijuaje? Mtu mwenye akili timamu akitaka kulibisha, ataanzia wapi? Likija kubainika kuwa sivyo, nitasema nini? Ukiona pa kuanzia ubishi hata pamoja, liache neno.

Mfano bora kuliko yote uko katika bahari yetu wenyewe. Kuna samaki aitwaye silikanti, mkubwa, mwenye mapezi yaliyokaa kama viguu. Wanasayansi walimjua kwa visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, na waliamini kwamba ukoo wake ulikwisha pamoja na dinosaria, miaka kama milioni 66 iliyopita. Desemba 1938, huko Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya mji wa East London, alimkuta samaki huyo miongoni mwa samaki waliovuliwa na meli ya uvuvi, akatambua kuwa si wa kawaida. Mtaalamu J.L.B. Smith akathibitisha: silikanti. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 wavuvi wa Tanga nao wamewanasa kadhaa katika majarife yanayoshushwa kwenye kina kirefu kwa ajili ya papa, na mwaka 2009 sehemu ya bahari hii ikatangazwa kuwa hifadhi yenye jina la samaki huyo.

Mweke sasa mwandishi wa mwaka 1937 mezani. Angeandika, "The coelacanth is undoubtedly extinct", angekuwa ameeleza sawasawa hali ya elimu ya siku zake, kwa kuwa hapakuwa na mtaalamu anayejulikana aliyeshuku. Angeandika "The coelacanth is indubitably extinct", angekuwa amekosea siku ileile, hata kabla ya nyavu za Afrika Kusini kutupwa. Ushahidi wake ulikuwa kutokuonekana tu, na bahari ina kina. Shaka iliwezekana, ila hakuna aliyejishughulisha nayo. Kijana mmoja niliyemweleza hivi alinyamaza kidogo kisha akasema, "Kumbe mwalimu, wote walikuwa wamepita bila kupingwa." Alikuwa ameelewa.

Leo "The coelacanth is indubitably alive" ni sentensi inayosimama kwa miguu yake. Samaki ameshikwa, amepimwa, amepigwa picha akiogelea.

Jaribu na mambo mengine ya kwetu. Mapango ya Amboni, kaskazini mwa mji, ni ya mawe ya chokaa. Hilo unaweza kuliandika kwa uthabiti wowote upendao. Lakini wazee husimulia kwamba njia za ndani zinakwenda hadi Mombasa. Ni simulizi tamu na inafaa kuandikwa, kwa Kiingereza cha "it is said that". Ukiiwekea "indubitably" umeiharibu mara mbili: umeivua utamu wa simulizi na hukuipa uzito wa ukweli.

Au vita vya Tanga vya Novemba 1914, pale jeshi la Waingereza lililotoka India liliposhindwa na Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck. Kwamba vita vilipiganwa, kwamba Waingereza walirudi merikebuni, kwamba nyuki waliwashambulia askari katikati ya mapigano, hayo yana ushahidi wa kutosha. Kwamba Wajerumani ndio waliowatega nyuki wale wawe silaha yao, hiyo ilikuwa tuhuma ya baadhi ya watu. Insha nzuri inatenga haya mawili. Inasema "Bees undoubtedly attacked the soldiers", kisha inashusha sauti: "some believed that the Germans had planned it".

Tazama pia mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Ukiwa na hesabu kama hiyo mkononi, huhitaji kielezi chochote. "Only 62 plants survived" inatosha. Nimewahi kuona mwanafunzi akiandika "indubitably only 62 plants survived", nikamwomba alifute neno la kwanza na asome tena. Sentensi ilipata nguvu kwa kupunguzwa. Tarakimu ni shahidi tosha. Ukimwongezea shahidi anayepiga kelele, msomaji anaanza kujiuliza kuna nini.

Hatua ya nne: chagua neno linalolingana na kipimo chako

Ukishajua yakini yako iko daraja gani, Kiingereza kina neno lake.

Ukikisia kwa nia njema, kama yule mwenyeji wa Kange, neno lako ni "no doubt" au "doubtless". Ukiyatazama kwa sura utadhani ni makali kuliko yote, maana yanasema hakuna shaka kabisa. Katika matumizi ni malegevu. "No doubt you are tired" ni "bila shaka umechoka" yetu neno kwa neno na moyo kwa moyo: nadhani umechoka, na ninakuhurumia. Waingereza pia hulitumia kukubali jambo kabla ya kuleta "lakini": "No doubt he is clever, but he is late every day." Sisi tunafanya vilevile: bila shaka ana akili, ila kila siku anachelewa. Hapa lugha mbili zimekutana kwa namna inayonifurahisha kila nikiifundisha, kwa sababu zote mbili zilichukua maneno yanayoikana shaka zikayafanya ya adabu.

"Surely" ni mtego mwingine. Kwa sura linafanana na "hakika". Kwa kazi, mara nyingi ni mtu anayeomba akubaliwe, au anayeshangaa: "Surely you have eaten?" Kwetu hiyo ni "Si umeshakula?" Yaani hana hakika, ndiyo sababu anauliza. Usiliandike katika barua rasmi ukidhani unathibitisha kitu.

"Certainly" ni la kazi zote, la heshima, halimkwazi mtu. Ukiombwa jambo ukalikubali, "Certainly" ni sawa na "Bila shaka!" au "Hewaa, hakuna neno". "Definitely" ni la mazungumzo zaidi. Katika barua ya kazi linapita, katika tasnifu linaonekana jepesi.

"Unequivocally" wengi hulichanganya na "indubitably" kwa sababu yote mawili ni marefu. Hilo linahusu usemaji, halihusu ukweli wa jambo. Aliyekanusha "unequivocally" amekanusha bila kumung'unya maneno. Anaweza kuwa amekanusha waziwazi kabisa na bado ni mwongo.

Halafu "undoubtedly", na juu yake "indubitably". Ushauri wangu kwa anayeandika barua, ripoti au insha ya mtihani ni kwamba "undoubtedly" litakutosha karibu kila mara. "Indubitably" lihifadhi. Ukurasa mzima usilibebe zaidi ya mara moja, na kurasa nyingi zisilibebe kabisa.

Hatua ya tano: liweke mahali pake katika sentensi

Kiswahili kinatuachia uhuru. Tunasema "Hakika atakuja", "Atakuja kwa hakika", "Atakuja, hakika", na kila moja inapendeza. Kiingereza kina nafasi zake.

Palipo na "is", "was", "are", neno hufuata: "The town is indubitably older than the railway." Palipo na kitenzi kikuu kisicho na kisaidizi, neno hutangulia: "Shaaban Robert undoubtedly enriched the language." Palipo na visaidizi, kaa baada ya cha kwanza: "Sisal has undoubtedly shaped this region." Unaweza pia kuanza nalo, ukaweka mkato: "Undoubtedly, sisal has shaped this region." Kulitupa mwisho wa sentensi, kama tunavyozoea na "kwa hakika", kunaifanya sentensi ichechemee.

Ukanushi ndio unaohitaji macho. Linganisha "This is indubitably not the same fish" na "This is not indubitably the same fish". Ya kwanza: hakika si samaki yuleyule. Ya pili: si hakika kwamba ni samaki yuleyule. Kiswahili nacho kinabadilika hivyohivyo ukihamisha "si" kuivuka "hakika". Mtu mmoja amekana samaki, mwingine amekana hakika. Katika ripoti ya kazi, kosa la nafasi moja tu linaweza kukufanya useme kinyume cha ulichoshuhudia. Kwa hiyo ukitaka kukana kwa uthabiti, kielezi kitangulie "not".

Usilipe vionjo. Sisi husema "bila shaka yoyote ile", "kwa hakika kabisa", na vijana hutafsiri wakapata "very indubitably" au "most undoubtedly". Kisichotilika shaka hakina zaidi wala kidogo, kwa hiyo "very" haina kazi hapo. Usilifunge pamoja na "I think", "maybe" au "I hope" pia; "I think it is indubitably true" ni mtu anayeapa huku akirudi nyuma. Na usiliweke katika swali la kawaida. Anayeuliza hajui.

Hatua ya sita: jua linapokaa na lisipokaa

Nyumba yake ni maandishi rasmi ya hoja: insha ya falsafa, makala ya kitaaluma, hotuba iliyoandikwa. Katika mazungumzo ya leo, Mwingereza akijibu "Indubitably!" mara nyingi anatania, anaiga watu wa zamani wenye kujikweza. Ukilijibu hivyo kwenye usaili kwa nia ya heshima, msikilizaji anaweza kuona mzaha ambao hukuukusudia. Sema "Certainly" au "Yes, I am sure". Katika ujumbe wa simu kwa mkubwa wako wa kazi, vilevile.

Mahakamani kuna funzo ambalo hulirudia sana. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama nchini, ingawa Kiingereza bado kina nafasi katika mazingira maalumu, na hukumu nyingi za zamani zimeandikwa kwa lugha hiyo. Soma yoyote ya jinai utakutana na "beyond reasonable doubt". Angalia wanasheria walivyojizuia. Hata pale ambapo mtu atapelekwa gerezani, hawakudai jambo lithibitishwe "indubitably". Wanadai lithibitishwe bila kuacha shaka ya msingi. Shaka ya kubuni, ya kuwazawaza, haihesabiwi. Katika kesi ya madai wanashuka zaidi, inatosha mizani kuelemea upande mmoja. Watu ambao kazi yao ni kuamua lipi kweli wanaliogopa neno hili, sembuse anayeomba ukarani.

Hati ya kiapo inafundisha jambo hilo kwa namna nyingine. Anayeapa hutakiwa kutenganisha anayoyajua mwenyewe na yale aliyoambiwa na anayoyaamini, tena amtaje aliyemwambia. Ni zile daraja za moshi na moto, zimevaa joho la sheria. Ukiandika Kiingereza chako kwa mpango huo, hata pasipo kiapo, maneno ya hakika yatajipanga yenyewe: la kuona utalithibitisha, la kuambiwa utalitaja chanzo chake, la kudhani utaliita dhana.

Hatua ya saba: ukilirudisha katika Kiswahili

Mfasiri akikutana na "indubitably" katika makala ya Kiingereza, mkono unakimbilia "bila shaka". Msomaji wa Tanga ataisoma kama ile ya Kange, na uzito wa mwandishi utakuwa umemwagika njiani. Tumia "ni jambo lisilopingika kwamba", au "pasi na shaka yoyote", au "kwa yakini" ikiwa maandishi yana mwelekeo wa elimu. "Dhahiri" lifae pale jambo linapoonekana kwa macho. Na "no doubt" ya Kiingereza ndiyo uipe "bila shaka", hiyo ni haki yake. Ukikuta "indubitably" la utani katika mazungumzo ya hadithi, tafuta usemi wa Kiswahili wa mtu anayejikweza, "naam, hilo halina mjadala" kwa mfano, ili mzaha usipotee.

Hatua ya mwisho: soma kwa sauti, kisha kata

Ukimaliza kuandika, soma barua yako kwa sauti. Kila penye kielezi cha hakika weka alama ya penseli. Rudi kwenye kila alama, soma sentensi bila neno hilo. Ikiwa sentensi haikupoteza kitu, lifute. Ikiwa imepoteza kitu, jiulize kama unaweza kuweka ushahidi mahali pake. Mara nyingi utaweza, na ushahidi siku zote unamfaa msomaji kuliko kielezi.

Yule binti alirudi kwangu baada ya usaili wake. Tuliitoa ile barua, tukaiweka mezani, nikamuuliza ni nini hasa anachokijua kwa jicho lake kuhusu kazi yake mwenyewe. Alikuwa amesaidia duka la nafaka la mjomba wake kwa miaka miwili, akiandika daftari la mauzo kila jioni, na mjomba alikuwa tayari kuulizwa. Tulifuta sentensi ya kujilinganisha na watu asiowajua. Mahali pake, kwa mkono wake, aliandika: "For two years I kept the daily sales book of a grain shop in Tanga. The owner has agreed to speak to you about my work." Hapakuwa na "certainly", wala "undoubtedly", wala lile refu. Aliisoma kwa sauti mara mbili, akakunja karatasi, akaenda kuichapa.